SOMO: KUMWAJIRI MSHAURI WA MISHAHARA

Mshauri wa mishahara hupima kazi, wala si mtu. Kwa hiyo, kabla hajaitwa, Kamati haina budi kuandika majukumu ya kila mtumishi, kisha hadidu za rejea, muda na malipo ya mshauri. Meneja, ambaye mshahara wake utachunguzwa, asishiriki kumchagua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 230, huitaka Tume ya Mishahara na Marupurupu kuzingatia mambo manne: uwezo wa kulipa, kupata na kudumisha wenye ujuzi, tija, na uwazi pamoja na haki. Kipimo hicho chafaa hata chamani, kwani mshahara wa karani hutoka katika kilo ya mkulima.

Swali: Mshauri akipendekeza nyongeza, makato kwa kilo yatakuwa kiasi gani?