Lita sita za maji, na bado akatapika

Msomaji wa Kiserian mwenye miaka 41 ameandika akiwa bado na hofu. Yeye na wenzake walitoka alfajiri kwa baisikeli, wakapita Corner Baridi, wakashuka Bonde la Ufa kwa njia za vumbi za mifugo hadi karibu na Olorgesailie. Kuteremka kulikuwa raha tupu. Wakati wa kurudi, mnamo saa saba mchana, kichwa kilimgonga, vinyweleo vikamsimama kama mtu mwenye baridi, akatapika kando ya njia. Alikuwa amekunywa lita sita za maji. Anataka kujua anywe kiasi gani safari ijayo.

Jibu linaanzia kwenye mlima, si kwenye chupa. Katika nguvu zote ambazo mwili unatumia kuendesha baisikeli, ni kama robo tu inayogeuka mwendo. Iliyobaki ni joto. Kwenye tambarare, upepo wa mwendo hukausha jasho, na ngozi hupoa jasho linapokauka. Kwenye mwinuko wa changarawe mtu hukanyaga kwa nguvu zake zote, ilhali mwendo ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Upepo haupo. Jasho linachuruzika hadi kidevuni, linadondokea usukani, na tone lililodondoka halijampoza hata kidogo.

Mwinuko kwenye joto umewahi kuua: mwendesha baisikeli Tom Simpson wa Uingereza alianguka na kufa akipanda mlima Mont Ventoux, Ufaransa, tarehe 13 Julai 1967, katika mashindano ya Tour de France. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa ametumia amfetamini na pombe, vitu vilivyomziba masikio asisikie mwili ukimlilia.

Anayeishi juu ya bonde ana mtego wa pekee: hushuka kungali na ubaridi, hupanda jua likiwa utosini. Zaidi ya hayo, mwili huhitaji siku 7 hadi 14 za mazoezi kwenye joto ili uzoee, na baridi ya Ngong huko juu haimzoeshi mtu hali ya Magadi huko bondeni, iliyo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Bora msomaji ageuze mapema, au apumzike chini ya mgunga hadi saa kumi alasiri.

Sasa maji. Kutapika na kuumwa kichwa huletwa na joto, lakini pia na maji mengi yanayopunguza sodiamu katika damu, na barua peke yake haiwezi kutenganisha hayo mawili. Hatari hii ya pili si ya kubuni. Katika mbio za Boston Marathon za 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu. Asilimia 13 sodiamu yao ilikuwa imeshuka, hasa wale waliomaliza wakiwa na uzito mkubwa kuliko walipoanza. Kwa hiyo mizani ya nyumbani ina kazi: ajipime kabla na baada ya safari. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji; iliyoongezeka ni onyo. Njiani anywe kwa kufuata kiu, na ale vyakula vyenye chumvi.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo wengi humeza kabla ya safari ili magoti yasiwasumbue, viachwe nyumbani. Figo zilizopungukiwa na maji haziwezi kuvistahimili. Mkojo ukitoka mweusi kama soda ya kola, aende hospitali siku hiyohiyo, maana huenda misuli imeharibika.

Wenzake nao wana jambo la kujua. Mwendeshaji akianza kuropokwa, kuyumba au kutomtambua rafiki yake, wachukulie kuwa ni kiharusi cha joto, na joto la mwili huenda limepita nyuzi 40. Wasianze kwa kutafuta gari. Wamlaze kivulini, wamvue, wammwagie maji yote waliyo nayo na kumpepea kwa nguvu bila kukoma, huku mmoja akipiga simu. Wasimnyweshe chochote akiwa hajielewi.