Mlima Mtauweza, Uwanda Je?

Mdogo wangu wa Leeds, barua yako nimeisoma hadi nukta ya mwisho, na nimecheka kidogo. Kurasa mbili nzima unauliza milima. Je, milima ya Cazorla tutaipanda? Je, miguu itashika? Je, tukichoka tutashuka tusukume baiskeli kama wauza mkaa? Kisha chini kabisa, kwa mstari mmoja, unanitajia kwamba safari ni mwezi wa Julai, ninyi wanne, huko Hispania, kutoka Toledo kuvuka La Mancha hadi kwenye mizeituni ya Jaén. Huo mstari mmoja ndio ulioninyima raha. Mlima hautawadhuru. Uwanda ule, alasiri ya Julai, unaweza.

Nieleze kwa nini, maana najua wenzako watakuuliza. Mlima una miti na mara nyingi una chemchemi. Ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii sita hivi. Na Wahispania wanaupenda mchezo huu: kwenye njia nyingi zinazovuka milima, wao huziita puerto, wameweka vibao vya waendesha baiskeli vinavyokuambia zimebaki kilomita ngapi na kilomita inayofuata ina mwinuko wa asilimia ngapi. Yaani unateseka ukijua mateso yataisha wapi. La Mancha hakuna cha kibao wala kivuli. Mizabibu ya zamani imekatwa mifupi, inakufika magotini. Ngano ikishavunwa yanabaki mabua. Unauona mnara wa kanisa la kijiji kwa mbali, unakanyaga, unakanyaga, mnara uko palepale. Upepo nao ukiamua kuja kwa mbele, hauna wa kuuzuia. Vile vinu vya upepo vya Consuegra na Campo de Criptana havikujengwa pale kwa ajili ya kupigwa picha.

Kwa hiyo acha kupanga safari kwa kilomita. Panga kwa saa na maji.

Saa za Hispania zina ujanja wake. (Nahesabu kwa Kiswahili, usije ukachanganya.) Nchi iko magharibi mwa Ulaya lakini inatumia saa ileile ya Berlin, ndiyo maana mwishoni mwa Juni jua la Madrid huchomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa nne kasorobo usiku. Matokeo yake, ule ukali wa joto tunaoutarajia saa saba mchana, kule unakuja saa kumi, saa kumi na moja jioni. Mgeni anapumzika saa sita, anakula, anasema "sasa jua limepungua," anapanda baiskeli saa tisa na kuingia tanuruni mwenyewe. Ninyi ondokeni jua linapochomoza, na ikifika saa saba au saa nane muwe mmeshafika mnakolala. Kilomita 70 za uwanda zinatosha kwa siku. Anayetaka 120 na azitafute Oktoba.

Maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja hivi, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Kinachowaokoa ni baa. Usishtuke, dada yako hajaanza kukutuma kwenye ulevi. Baa ya kijiji cha Hispania ndiyo mgahawa, ndiyo kijiwe, ndiyo redio ya mtaa. Bibi anakunywa kahawa pale na mjukuu wake. Asubuhi utapata mkate uliochomwa, umepakwa nyanya na kumwagiwa mafuta ya zeituni, na kipande cha tortilla ya mayai na viazi. Chakula cha mchana hakiivi mapema, wanakula saa nane. Cha usiku ni saa tatu na kuendelea, kwa hiyo wekeni ndizi na karanga begini. Kwa mwenzenu asiyekula nguruwe: aseme "sin cerdo" (bila nguruwe) na pia "sin jamón" (bila paja la nguruwe lililokaushwa), yote mawili, kwa sababu wapo wanaoamini kwa moyo safi kwamba jamón si nyama, ni kiungo tu. Na dengu aziulizie kwanza, mara nyingi zimepikwa na soseji.

Maji: chupa mbili kubwa kila mmoja, na kila kijiji mnachopita zinajazwa, hata kama bado zina nusu. Bomba la uwanjani likiandikwa "agua no potable", hayo ni ya kunawa na kulowesha shingo. Tieni chumvi kidogo kwenye chupa moja. Ukiona mwenzako ameacha kutoka jasho na anajibu mambo yasiyoeleweka, safari imeishia hapo: kivulini, maji mwilini, na simu ni 112.

Haya, sasa milima yenu.

Siri ya kupanda iko kwenye gia kuliko kwenye misuli. Mnapokodi baiskeli, waambieni wawape gia ndogo ya mbele yenye meno 34 na kubwa ya nyuma yenye meno 34. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, na kwa mwendo huo hata mwinuko wa asilimia 8 unapandika huku mnaongea. Mwenye duka akikuangalia juu hadi chini na kusema gia hizo ni za wazee, mwambie ndizo unazozitaka. Kwenye uwanda mkae pamoja, mwenye nguvu mbele akate upepo, mchovu nyuma yake. Kwenye mlima kila mtu na pumzi yake, mtakutana juu. Federico Bahamontes, yule "Tai wa Toledo" aliyekuwa Mhispania wa kwanza kushinda Tour de France mwaka 1959, alikuwa akipanda kama mbuzi na kuteremka kwa woga. Husimuliwa mpaka leo kwamba mwaka 1954 alifika juu ya mlima peke yake, akanunua aiskrimu, akaila akiwasubiri wenzake. Ninyi pia mkifika juu subirianeni. Ila vaeni koti la upepo kwanza, jasho la kupanda linageuka barafu mkianza kushuka.

Kushuka ndiko ninakokuogopea kuliko kupanda, na sababu ni kwamba wote wanne mmekulia upande wa kushoto wa barabara, na Leeds mko kushoto vilevile. Hispania ni kulia. Kwenye barabara tupu ya mashamba, baada ya kusimama kupiga picha, mwili unarudi kushoto bila kukuuliza. Halafu breki: Uingereza mkono wa kulia unashika gurudumu la mbele, Hispania kwa kawaida la mbele liko mkono wa kushoto. Mkiichukua baiskeli dukani, nusu saa ya kwanza zungukeni uwanja tupu mkizoea. Na konani, funga breki kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Jicho liangalie unakotaka kwenda. Ukilikazia macho shimo, utaingia shimoni.

Jaén ina mizeituni zaidi ya milioni 60. Hiyo si chumvi ya dada, ndivyo ilivyo, vilima na vilima vya miti iliyopangwa mistari hadi macho yanachoka. Nzuri sana mwezi wa Aprili na Mei. Kuanzia Novemba ni mavuno, matrekta yanaacha tope barabarani na tope hilo linateleza vibaya mno.

Mbwa. Mkikutana na kundi la kondoo, mara nyingi lina mastín, jibwa kubwa kama ndama, na kazi yake ni moja. Hana haja na wewe, ana haja na umbali wako kutoka kwa kondoo. Shukeni, baiskeli iwe kati yenu na yeye, mtembee taratibu mkizunguka mbali. Msikimbie, msipige kelele, msipite katikati ya kundi. Mchungaji akiwepo, salamu ya "buenos días" inafungua mengi.

Sheria zao kwa kweli zinamlinda mwendesha baiskeli. Dereva anayekupita lazima akuachie nafasi ya mita moja na nusu, na nyinyi mnaruhusiwa kwenda wawili wawili sambamba. Nje ya mji helmeti ni lazima. Kilemba chembamba kinakaa vizuri chini yake. Bukta yenye sponji haivaliwi na chupi ndani, hili nalisema waziwazi kwa sababu dukani huwa hawatuambii wanawake, halafu siku ya pili hakuna anayeweza kukaa. Siku zako za hedhi zisikuzuie, ila beba vifaa kutoka mjini. Duka la dawa la kijijini nalo linalala mchana. Pasi zenu ziwe mfukoni, siyo hotelini. Askari wa Guardia Civil wanaweza kuziomba, na wanawake wanne weusi juu ya baiskeli katika kijiji cha watu 300 mtatazamwa, hilo siwafichi. Wazee waliokaa kwenye benchi la uwanjani watakodoa macho mpaka mpite. Wasalimieni ninyi kwanza. Mara nyingi swali linalofuata ni mnatoka wapi, na la pili ni kama mmeshakula.

Sasa, ningependa safari ihamishwe kutoka Julai, lakini kama mwajiri wako atakataa kabisa kubadilisha likizo na ni Julai au basi, badilisha ramani. Nendeni kaskazini, Asturias na Cantabria. Huko ni kijani, ng'ombe, maziwa, mvua ya ghafla, na joto la kibinadamu. Mkitaka mlima wa kusimulia, pandeni hadi kwenye maziwa ya milimani ya Covadonga, ambayo mbio za baiskeli za Vuelta zimeyapanda tangu 1983. Msimu wa wageni wengi magari binafsi huzuiwa kupanda, kwa hiyo barabara ni yenu na mabasi na ng'ombe waliolala katikati ya lami. Wapishwe ng'ombe.

Huko huko Asturias kuna mlima wa Angliru. Mtaambiwa na kila mwanamume wa klabu yenu ya baiskeli kwamba ni lazima muupande. Sehemu moja ina mwinuko wa zaidi ya asilimia 23. Wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo wamewahi kushindwa kuzungusha pedali pale. Huo mtautazama kwenye televisheni, Septemba, wakati wa Vuelta, na chai mkononi.