Dondoo muhimu: Mpira wa maji kwenye tenki la kaa

Anayenenepesha kaa wa mikoko au kufuga samaki kwenye tenki, awe Nyamisati kwenye delta au Kibiti mjini, mara nyingi huanza na mpira laini badala ya bomba gumu. Si vibaya. Hupinda, hukatwa kwa kisu, na ukihama unaukunja unaondoka nao.

Upande wa pampu unaovuta maji usiweke mpira mwepesi. Kuta zake hugandana na maji yakakoma. Tafuta wenye waya uliozunguka ndani.

Mpira ukikataa kuingia kwenye kiungio, usiupake mafuta. Chovya ncha kwenye maji ya moto kwa dakika moja, sukuma, kisha kaza klampu isiyoshika kutu, maana maji ya delta yana chumvi. Viungio vya shaba achana navyo kabisa: shaba ni sumu kwa kaa na kamba.

Mpira unaoonyesha ndani hupendeza dukani tu. Juani huota ukijani. Chukua mweusi.

Hili ndilo linaloumiza wengi. Ncha ya mpira unaopeleka maji tenki la juu ikizama, siku umeme ukikatika maji hurudi kinyume kupitia pampu hadi kaa wabaki pakavu na tenki la chini lifurike. Toboa tundu la msumari kwenye mpira, chini kidogo ya usawa wa maji. Maji yakishuka hapo hewa huingia, mvuto unakatika. Lichokonoe kila wiki, huziba upesi.