Makaburi ya wageni Tengeru: somo la mwezi wa marehemu

Novemba Mama Kanisa hutualika makaburini. Kwa kawaida tunakwenda kwa ndugu zetu wenyewe. Mwaka huu tunapendekeza kituo kingine, hasa kwa wanafunzi wa Lushoto watakaopata nafasi ya kusafiri kuelekea Arusha: makaburi ya Wapolandi ya Tengeru na chumba kidogo cha makumbusho kilichopo hapo, kinachotunza kumbukumbu ya urafiki wa Poland na Tanzania.

Kutoka Lushoto unashuka kwa Soni hadi Mombo, unashika barabara kuu kupitia Same na Moshi, na kabla ya kuingia mjini Arusha, kama kilomita 13 hivi, ndipo Tengeru. Huko Mombo reli ya kwenda Moshi na Arusha inapita chini kabisa ya milima yetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baadhi ya wageni hao walishuka melini Tanga; safari yao kwa treni iliwapitisha hapo.

Walikuwa nani? Mwezi Septemba 1939 Poland ilivamiwa na Ujerumani kutoka magharibi na Urusi ya Kisovyeti kutoka mashariki. Mwaka 1940 na 1941 familia nyingi za mashariki mwa nchi hiyo zilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na Kazakhstan, kwenye kazi ngumu, njaa na baridi. Hitler alipoigeukia Urusi, Stalin alikubali kuwaachia. Mwaka 1942 maelfu walivuka hadi Iran. Wanaume wengi waliingia jeshini. Wanawake, watoto na yatima walitafutiwa mahali pa kukaa, na Afrika Mashariki ikapokea maelfu yao. Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote za Tanganyika, watu kama 5,000, wakikaa katika vibanda vya duara vya kuezekwa kwa nyasi, wakiwa na shule, hospitali, mashamba na kanisa. Kambi nyingine zilikuwa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro.

Walionusurika Siberia hawakunusurika wote. Malaria na miili iliyokwisha kuchoka viliwamaliza baadhi yao, na karibu 150 wamelala Tengeru. Vita ilipoisha nchi yao ilikuwa chini ya wakomunisti, na wengi hawakutaka kurudi. Walitawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Wachache walibaki hapa nchini mpaka kufa kwao.

Hapa ndipo mwanafunzi wa teolojia anapaswa kutulia kidogo. Neno urafiki linapendeza kwenye kibao, lakini urafiki wa nani na nani? Walioamua kuwaleta wageni hawa walikuwa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Wameru, wenyeji wa eneo hilo, hawakuwa na sauti katika utawala ule. Na mwaka 1951, wakati bado wapo Wapolandi Tengeru, serikali hiyohiyo iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Yaani mgeni alipewa hifadhi, na jirani wa mwenyeji akafanywa mkimbizi katika nchi yake. Anayesimulia Tengeru bila kutaja Engare Nanyuki amesimulia nusu.

Hata hivyo urafiki upo, ila tuutafute mahali pake. Serikali ya kikoloni iliondoka. Makaburi yakabaki, na Watanzania wamekuwa wakiyafagia, kukata majani na kumfungulia lango anayekuja. Soma Kitabu cha Tobiti, sura ya 1 na ya 2. Tobiti, akiwa uhamishoni Ninawi, aliwazika wafu wa taifa lake kwa hatari ya maisha yake. Wa Tengeru wanatunza wafu wasio wa taifa lao wala wa ukoo wao, ambao majina yao hata kuyatamka ni kazi. Sisi Waafrika tunajua uzito wa jambo hilo: kaburi hutunzwa na mwenye damu yake. Ukiona mtu baki analishughulikia, ujue amekubali undugu ambao hakuna aliyemdai.

Kwa watakaokwenda: kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida, yaani kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu na moyo usioshikamana na dhambi. Someni majina kwa sauti, pamoja na miaka, mtakuta watoto.

Kwa watakaobaki Usambara, kazi ni hii. Nendeni makaburi ya zamani ya misioni iliyo karibu nanyi, Gare kwa mfano, mkiwa na jembe na panga. Tafuteni kaburi lisilo na ndugu. Kisha waulizeni wazee wa kijiji ni nani aliyekuwa akilipalilia.