Umerudi nyumbani na cheti: uanzie wapi?

Kwenye steshenari za Korogwe utawaona vijana na bahasha zao za kaki, pembe zimechakaa kwa kutoa vyeti na kuvirudisha. Kama nawe unayo, usijione umefeli.

Kwa nini umesoma na kazi hakuna? Zamani mkonge uliwabeba wengi hapa. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, na mashamba yalitaka makarani, mafundi na madereva. Kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori. Vyuo navyo vikaongezeka, na wengi wetu tukasomea ualimu au utawala, kazi ambazo mwajiri wake mkubwa ni serikali. Nayo huajiri kwa kibali, nafasi chache kwa waombaji wengi. Huku Handeni mwenye ng'ombe anatafuta mtu wa kumchanjia mifugo.

Anza na namba ya NIDA. Usajili wa mara ya kwanza ni bure. Ukishaipata, jisajili Ajira Portal, mtandao wa Sekretarieti ya Ajira unaopokea maombi ya kazi za serikali. Kuomba hakuna ada. Utalipia bando, steshenari na wakili wa kugonga muhuri kwenye nakala za vyeti. Akitokea mtu anataka hela "akuunganishie", usimpe hata shilingi. Piga 113, namba ya TAKUKURU, haikatwi salio.

Wakati unasubiri, ulizia mkopo wa asilimia 10. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini ni deni, unarejeshwa. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki na andiko, yaani maelezo ya mradi na hesabu zake. Nawasihi, msikutane kwa ajili ya mkopo tu. Wekeni akiba kwanza, hata ya elfu moja kwa wiki, mjue nani hulipa na nani hukwepa.

Ufundi je? Handeni kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mwenye shahada akijifunza kushona au kuchomelea hajashuka. Ulizia ada na kozi chuoni kwenyewe.

Kwa habari za mkopo, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Wahi asubuhi, kabla hajapanda pikipiki kwenda vijijini.