Kufundisha Urafiki katika Darasa la Pili

Mwanachuo atakayefanya mazoezi ya kufundisha Shinyanga au Geita atatambua upesi kwamba somo la urafiki si maneno matamu tu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, waliuawa au kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani potofu kwamba viungo hivyo huleta bahati ya mali, hasa katika machimbo na uvuvi. Shule ya Msingi Buhangija, mjini Shinyanga, ilipokea watoto wengi walioondolewa makwao ili wawe salama. Imani ya namna hiyo hupata nguvu pale watu wanapozoea kumwita mwenzao “zeruzeru”. Kwa hiyo mwalimu aanze kazi mapema.

Shabaha: Kila mtoto aeleze kwa nini ngozi za watu hutofautiana, na atende jambo moja la kumfaa mwenzake.

Vifaa: Maharage ya rangi mbalimbali, makopo yenye udongo, kofia pana.

Hatua ya kwanza: Wiki moja kabla ya somo, watoto wapande maharage wawiliwawili na kumwagilia kwa zamu. Siku ya somo waulize: “Chipukizi lipi limetoka katika mbegu nyeupe?” Watabishana, maana majani yote ni ya kijani.

Hatua ya pili: Eleza kwa maneno machache. Mtoto hurithi ualbino kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana. Mwili wake hautengenezi rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Hali hiyo haiambukizi, wala si laana. Jua humuunguza, ndiyo sababu ya kofia. Na macho yake hayaoni mbali vizuri.

Hatua ya tatu: Watoto wasome wawiliwawili. Mwenye ualbino akae karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha. Asipoweza kusoma ubaoni, usimhesabu kuwa mzito wa akili. Huko nako ni kuhukumu kwa sura. Naye apewe zamu ya kumsaidia mwenzake, kwa kuwa urafiki ni kupeana.

Makosa ya kuepuka: Usimsimamishe mtoto huyo mbele ya darasa ili wengine wamtazame. Mtoto si kifaa cha kufundishia. Pia usimfananishe na dhahabu, ingawa mfano huo huja upesi kinywani mwa mwalimu wa Geita. Waliomwaga damu walidai kwamba mwili wake ni mali. Mwalimu asirudie usemi huo, hata kwa nia njema.

Kupima somo: Usitosheke na majibu ya darasani. Wakati wa mapumziko, tazama nani anaitwa kucheza na nani ameachwa peke yake kivulini. Ukimkuta huyo wa kivulini, ujue kwamba somo lako halijaisha. Kesho lianze na mchezo unaochezwa kivulini.