Shilingi ya Kahawa na Shilingi ya Dhahabu

Katika hesabu tunazofundisha shuleni, shilingi elfu kumi ni sawa na shilingi elfu kumi nyingine yoyote. Moyo wa mwanadamu haukubali kanuni hiyo.

Mjomba wangu wa Ngara aliuza kahawa mwaka mmoja, akaweka sandukuni fedha za kununulia mabati. Kabla hajaezeka nyumba, mwanawe akaugua. Mjomba hakulifungua sanduku; alikwenda kukopa kwa riba. Nilipomwuliza sababu, alinitazama kwa mshangao: "Zile ni za mabati, mwanangu." Mtoto alipona, lakini deni lilikua hata likazimeza fedha za sandukuni, na nyumba ikabaki ya nyasi.

Mjomba hakuwa mjinga, wala hakuwa peke yake. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio lifuatalo. Kundi moja liliambiwa: unakwenda kutazama mchezo wa kuigiza ambao kiingilio chake ni dola 10, ukagundua kuwa umepoteza noti ya dola 10, je, utanunua tiketi? Asilimia 88 walikubali. Kundi la pili liliambiwa kuwa kilichopotea ni tiketi yenyewe, iliyonunuliwa kwa dola 10. Waliokuwa tayari kununua nyingine walikuwa asilimia 46 tu. Hasara ni ileile. Lakini tiketi ilikwisha kuandikwa katika daftari la moyoni la burudani, na noti haikuandikwa popote. Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, aliueleza kwa kirefu uhasibu huu wa akilini.

Madaftari hayo hayaandikwi na mtu mmoja mmoja tu. Jamii nayo huyaandika. Katika kitabu chake cha mwaka 1989, mwanaanthropolojia Parker Shipton alieleza kwamba Waluo wa Kenya walizihesabu fedha zilizotokana na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku au bangi kuwa fedha chungu, zisizofaa kutolewa mahari mpaka zitakaswe. Wako wanaocheka. Mimi sicheki: anayeogopa uchungu wa fedha za ardhi hatauza shamba la wanawe kwa haraka. Vijana wa Biharamulo, wilaya ambayo mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005, wanafaa kuulizwa iwapo fedha za dhahabu hukaa mfukoni kama zile za pamba.

Daftari la moyoni, basi, hulinda akiba. Ndilo pia lililomgharimu mjomba wangu nyumba yake.

Zoezi. Mwalimu aligawe darasa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza ijibu swali la noti iliyopotea, ya pili swali la tiketi, kwa kutumia kiingilio cha mpira wa miguu na bei za shilingi. Kila mwanafunzi aandike jibu bila kumtazama jirani, kisha majibu yahesabiwe ubaoni.